Mtu Aliyemnong'onezea Kompilateri

Kwa miaka yote niliyomfahamu, sikuwahi kumwona CT akikaa kwenye kiti bila kukitikisa kwanza. Iwe kanisani, iwe kwenye matanga, iwe ofisini kwa mkuu wa chuo, alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akakisukuma mbele na nyuma, akainama kutazama miguu yake minne, ndipo akakaa. Siku ya arusi yangu alikitikisa kiti cha padri. Padri alikuwa bado amekikalia.

CT ni kifupi cha Chef de Travaux, cheo cha mwalimu wa chuo ambaye si msaidizi tena lakini bado si profesa. Sisi wanafunzi tulitamka "Sete", na watu wa mtaani kwake Ndosho, mjini Goma, walidhani ndilo jina alilobatizwa. Watu aliowafundisha kuwasha kompyuta walikuja kuwa maprofesa wakampita, yeye akabaki palepale. Siku ya kuitetea tasnifu yake alisimama mbele ya majaji wanne, na kabla hawajamuuliza lolote, akawauliza yeye: ukurasa wa tisini unasema nini? Wakatazamana. Mmoja alianza kusema kwamba kwa ujumla kazi ilikuwa nzuri. CT akaifunga tasnifu, akaitia mkobani, akawaambia kwa adabu kwamba atarudi watakapokuwa wameisoma. Hawakuisoma, naye hakurudi.

Somo lake lilikuwa kerneli. Kwa asiyejua, kerneli ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, ile inayozigawia programu nyingine zote nafasi katika kumbukumbu ya mashine. Programu ya kawaida ikikosea, inaanguka peke yake. Kerneli ikikosea, mashine nzima inazimika, na kazi yako ya asubuhi yote inakwenda nayo. CT aliizungumzia kerneli kama watu wengine wanavyozungumzia ini: kitu ambacho hukioni, hukishukuru, na siku kikiugua ndipo unajifunza jina lake.

Na ndani ya kerneli alipenda jambo moja dogo ambalo wenzake walilidharau. Unapoiomba kerneli nafasi, unapewa anwani tu: nafasi yako inaanzia hapa. Hakuna mahali palipoandikwa inaishia wapi. Ukiandika kupita mwisho, umeandika juu ya mali ya jirani, na huenda hutajua hadi wiki ijayo. Sasa, kuna kompilateri, ile programu inayosoma maandishi ya mwandishi na kuyageuza kuwa lugha ya mashine. Kompilateri inasoma kila mstari kwa uaminifu, lakini haijui nia ya mtu. CT alitufundisha kuweka maneno machache kando ya kila kipande cha programu kinachogawa nafasi, maneno ya kuiambia kompilateri: namba hii ya kwanza ndiyo ukubwa wa kitakachotolewa hapa. Au: atakayepokea jibu hili asilitupe bila kulitazama. Basi. Programu haiongezeki nguvu wala mwendo. Lakini kompilateri sasa inaweza kuhesabu yenyewe, na kukugombeza kabla hujaharibu. Vitabu viliviita vidokezo. Yeye aliita kunong'oneza.

"Kompilateri haiko mujinga," alikuwa akituambia. "Ni mugeni. Mutu hajamuonyesha nyumba."

Somo la kwanza alilotupa lilikuwa la bidoni. Aliingia darasani na bidoni ya maji ya lita ishirini aliyoizungushia kitenge, na nyingine iliyojaa maji. Mkuu wa kitivo alikuwa amekuja siku hiyo kukagua masomo, amekaa mstari wa mbele katika viatu vipya vya ngozi. CT akamwita mwanafunzi mmoja, akamwambia amimine maji yote katika ile iliyofunikwa. Kijana akamimina. Alipomimina nusu, maji yakaanza kufurika, yakatiririka sakafuni moja kwa moja hadi kwenye viatu vya mkuu wa kitivo, kwa sababu CT alikuwa amemimina saruji ndani ya ile bidoni hadi katikati. Akauliza kosa ni la nani. Tukasema la aliyemimina. Hapana. La bidoni, basi. Hapana. Akachukua chaki, akaandika kumi juu ya kitenge.

"Kosa ni ya ule alimupatia bidoni na hakumuambia ukubwa," akasema. Kisha akamgeukia mkuu wa kitivo, ambaye alikuwa ameinua miguu hewani, akamwomba radhi kwa maneno haya: kwamba viatu vyake vimesaidia sana elimu.

Mkuu wa kitivo hakurudi kukagua tena. Mimi niliyekuwa nimejiandikisha somo hilo kwa makosa, nikidhani ni uhasibu, nikabaki miaka mitatu.

CT hakukumbuka jina la mwanafunzi hata mmoja. Wavulana wote walikuwa Mesie, yaani bwana, wasichana wote walikuwa Mamuzeli, yaani binti asiyeolewa. Nilipoolewa niliendelea kuwa Mamuzeli. Nilipozaa mtoto wa tatu alinitumia salamu za pongezi zilizoanza na Mamuzeli, na mume wangu akaniuliza kama huyo mzee anajua anachokipongeza.

Mtu anayeomba, CT alisema, lazima awe amejua atafanya nini akinyimwa. Hilo lilikuwa sharti lake la pili baada ya ukubwa, kwa sababu kerneli ina haki ya kukujibu kwamba nafasi hakuna, na programu nyingi zinaanguka kwa kudhani jibu ni ndiyo siku zote. Sharti hilo hakuliacha darasani. Mke wake, mama mcheshi wa upande wa Bukavu aliyekuwa karani wa parokia, alitusimulia jinsi alivyoposwa. CT alipanda boti asubuhi kutoka Goma, akavuka ziwa lote, akafika kwa wazazi wa mama huyo amevaa suti, akasema maneno yake vizuri. Binti akakubali, wazazi wakakubali, ndugu wakaanza kutafuta mbuzi. Ndipo CT akatoa mfukoni tikiti ya kurudi alasiri ileile, aliyoikata mapema endapo angekataliwa.

"Nikamuuliza, sasa si nimekubali?" mama alisema. "Akaniambia, ndiyo, lakini tikiti nayo iko." Akaenda zake. Mbuzi akaliwa bila bwana arusi.

Pamoja na haya yote, kuna mambo ambayo CT hakuyaangalia kabisa, na sikuwahi kuelewa mpaka wa mambo hayo ulipita wapi. Nyumba yake ya mbao ya Ndosho aliijenga mwenyewe bila kupima, na mlango ulitoka mfupi kiasi kwamba kila mgeni aliingia kama anayesalimia mfalme. Alipoambiwa aurefushe alijibu kwamba watu wote wameshauzoea. Alipanda pikipiki ya motari yeyote, yaani dereva wa abiria, bila kofia, juu ya mawe ya lava yenye makali, akiwa amefumba macho kwa raha. Nilimuuliza mara moja mbona hamwangalii motari kabla ya kupanda. Akanieleza kwamba huyo baba ana watoto wanne na bado ana meno yote, kwa hiyo ameshaangaliwa na wengine.

Tena alikuwa mtu wa fahari kwa namna yake. Ile kerneli aliyoifundisha ni huru, inaandikwa na watu wa dunia nzima wanaotumiana marekebisho kwa barua pepe, na yeyote anaweza kutuma lake. CT alipoamua kutuma rekebisho lake la kwanza, mistari sita ya vidokezo, alivaa suti na tai, akaenda nayo kwenye saibakafe karibu na barabara kubwa. Nilimkuta pale amesimama. Nikamwuliza mbona hakai. Kiti cha saibakafe kilikuwa kimeshindwa mtihani.

Jibu lilikuja siku ya tatu kutoka kwa mtu wa mbali asiyemjua, aliyemwambia kwa ufupi kwamba wazo ni zuri ila mistari yake imeanza kwa nafasi tupu badala ya tabo, ile alama moja inayosukuma mstari ndani, na atume upya. CT aliumia sana. Si kwa kukataliwa, kwa kuwa alikuwa na mpango wa kukataliwa. Aliumia kwa sababu yule mtu alikuwa sahihi. Alikwenda nyumbani, akanyamaza siku mbili, mke wake akadhani kuna msiba kwao Rutshuru. Siku ya tatu akasema mezani kwamba tabo na nafasi zinafanana kwa macho na kosa ni la macho. Akatuma tena. Akarudishiwa, safari hii kwa sababu ya maelezo marefu. Akatuma tena. Ilimchukua miezi, na kila mara suti. Siku mistari yake sita ilipokubaliwa, haikuandikwa gazetini wala chuoni hawakutangaza. Alinunua soda tatu, moja ya mkewe, moja yangu, moja yake, tukanywa tumesimama mlangoni, tumeinama.

Jambo hilo la kutokukubali kosa nataka nilieleze vizuri, maana ndilo lilitutesa wengi. CT alisahihisha kimyakimya, lakini kukuambia uso kwa uso kwamba wewe umeona sawa naye ameona vibaya, hilo mdomo wake haukulijua. Mara moja nilimwonyesha ubaoni kwamba ameandika herufi moja mara mbili. Alitazama ubao, akanitazama, akafuta ubao wote na kusema kipindi kimekwisha. Ilikuwa imebaki saa nzima.

Waasi walipoingia mjini mara ya kwanza niliyoishuhudia nikiwa mtu mzima, watu walijifungia ndani, na maduka yalifunga. CT siku ya tatu aliona kwamba karatasi zake za masomo ziko chuoni, akaenda kuzichukua kwa miguu. Mimi nilimfuata kwa sababu mke wake alinisihi. Tukarudi naye amebeba mfuko umejaa karatasi zilizochapwa programu, mabano na nyota na namba kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Karibu na mzunguko wa barabara tukasimamishwa na askari wawili, mmoja mrefu mwenye redio, mwingine kijana aliyechoka. Yule mrefu akatoa ukurasa mmoja, akaugeuza juu chini, akauliza ni nini hii.

Mtu mwingine yeyote angesema ni mitihani. CT akasema, "Ni code."

Kwa askari, code ni ujumbe wa siri wa adui. Askari akauliza code ya nani. CT akajibu, ya dunia nzima. Askari akauliza inatumwa kwa nani. CT akajibu, kwa yeyote mwenye mashine. Yule mrefu akashika redio yake ili aite mkubwa wake, na mimi nikaanza kusali kwa Kinyarwanda, lugha ambayo huwa ninasali nayo nikiogopa kweli tu.

Lakini CT alikuwa ameulizwa swali kuhusu somo lake, na hilo lilimfurahisha. Akaweka mfuko chini, akaanza kueleza. Alimwuliza yule mrefu: mkubwa akikutuma stoo na karatasi ya masanduku kumi, mwenye stoo akakuonyesha mlango tu bila kukuambia mna masanduku mangapi, wewe unafanya nini? Askari akasema anachukua kumi. Na kama mna manane? Askari akafikiri. Akasema anachukua manane, na mawili anayatoa kwenye stoo ya jirani. CT akapiga kofi kwa furaha, akasema hilo ndilo kosa lenyewe, ndilo linaloangusha mashine zote duniani, na dawa yake ni kuandika juu ya mlango idadi iliyomo, ili anayekagua karatasi ajue kabla hujatoka nyumbani. Akachora mchangani. Akaeleza pia kuhusu mwenye stoo asiye na kitu, na kwamba asiyeuliza atafungua mlango wa hewa. Ilifika nusu saa. Yule kijana alikuwa ameketi juu ya jiwe, kidevu juu ya bunduki. Yule mrefu mwishowe akamwambia mwenzake, kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo la huzuni juu ya stoo zao, "Kwetu njo iko vile."

Wakatuacha twende. Tulipofika mbali, CT alilalamika kwamba yule mrefu ana akili nzuri na ni aibu kuipoteza kwenye mzunguko.

Volkano iliyo jirani na mji ndiyo iliyonionyesha upande wa CT ambao hatukuuona darasani. Mlipuko wa kwanza ulipomeza maabara ya chuo, mimi nilikuwa bado msichana mdogo, na yeye aliujadili kwa sentensi moja tu, kwamba kompyuta zile zilikuwa za zamani. Mlipuko uliofuata, miaka mingi baadaye, nilikuwa naye. Watu walikimbia pande zote, wengine kuvuka mpaka, wengine kuelekea Sake, na katika mkanyagano ule watoto wengi waliachana na wazazi wao. Asubuhi yake ardhi ilikuwa bado inatetemeka kila mara. Redio ndogo ya mtaa wa Keshero, chumba kimoja na mlingoti, ndiyo iliyokuwa ikisoma majina ya watoto waliopotea na waliopatikana. Na kila iliposoma orodha ndefu, kompyuta yake iliyopitisha sauti ilizimika katikati, na redio ikanyamaza.

Mkurugenzi wa redio alikuwa rafiki wa mume wangu. Alinipigia simu akaniambia amejaribu kusoma majina haraka, amejaribu sentensi fupi, amejaribu hata maombi. Nilimpitia CT Ndosho. Nilimkuta anafunga vitu vyake ili wakimbilie Sake, godoro liko tayari kichwani mwa mkewe. Nilipomaliza kueleza, mke wake alilishusha godoro, akalikalia, akamwambia aende na asichelewe.

Kadi ya sauti ya ile kompyuta ilikuja na programu yake ya kuiunganisha na kerneli, iliyoandikwa na mtu asiyejulikana na kuwekwa kwenye diski ndani ya boksi. CT aliifungua, akaisoma kimya, huku taa ya dari ikibembea. Kulikuwa na kipande kimoja kilichoomba nafasi kwa ajili ya sauti, na vipande kumi na zaidi vilivyokitumia. Hakuanza kutafuta kosa. Aliongeza kidokezo kimoja tu pale juu, cha kuiambia kompilateri ukubwa wa nafasi hiyo unatoka wapi, kisha akaiamuru isome programu nzima upya. Jenereta ilikuwa ikikohoa nje. Ardhi ikatetemeka kwa nguvu, mkurugenzi akaingia chini ya meza, mimi nikamfuata. Tulikaa kule tukimtazama CT miguu tu. Miguu haikusogea. Kisha tukasikia anasoma, polepole, kwa sauti ileile ya kusoma Maandiko aliyotumia kanisani alipopewa zamu: mstari fulani, onyo, unaandika elfu nne mahali pa elfu mbili.

Hilo ndilo lilikuwa. Sauti fupi ilitosha. Sauti ndefu ilifurika na kuandika juu ya mali ya kerneli. Akabadilisha namba moja. Mkurugenzi akatoka chini ya meza akitaka kuwasha mitambo papo hapo, CT akamzuia. Alikuwa hajaandika bado programu ifanye nini kama kerneli itajibu kwamba nafasi hakuna.

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja tangu alfajiri, amevaa viatu viwili visivyofanana, anamtafuta mwanawe wa miaka mitano. Mkurugenzi alimwonyesha CT yule mama. Akamwambia kwamba huyu hawezi kungojea kerneli.

"Njo maana naandika," CT akasema. "Ikizimika kwa jina ya mutoto wake, utamuambia nini?"

Akaandika mistari mitatu. Ilichukua dakika chache, na ninakiri kwamba katika dakika hizo nilimchukia. Kisha mtangazaji akaanza kusoma, na orodha ikaenda, ikaenda, majina ya Ndosho, majina ya Kibumba, majina ya watu wa Masisi waliokuwa wamekimbia kitu kingine kabla ya hiki, na mashine haikuzimika. Zamu ya yule mama ilipofika hakuwa na picha wala karatasi. Alisema tu kwamba mwanawe ana kovu gotini na hapendi maharage. Mtangazaji akayasoma kama yalivyo.

Mchana simu ikapigwa kutoka Sake. Mwimbaji wa kwaya fulani aliuliza kama bado wanamtafuta mtoto, kwa sababu kwao kuna mmoja mwenye kovu, na tangu jana amekataa sahani tatu za maharage na kuwaudhi watu wote.

Yule mama alipiga magoti mbele ya CT. CT alifadhaika kabisa, hakuwa na mpango wa kushukuriwa. Akamwambia asimshukuru yeye, aliyeona kosa ni kompilateri. Mama akafuta machozi akauliza baba huyo, Papa Kompilateri, anakaa wapi. CT, ambaye hakujua kudanganya hata kwa wema, alijibu kwamba kwa sasa anakaa kwake.

Mji ulipotulia na watu wakarudi, mama yule alifika Ndosho na kuku jike mweupe, pamoja na mwanawe aliyevalishwa shati la Jumapili, kumletea Papa Kompilateri. CT alisimama mlangoni akaeleza kwamba hawezi kumpokea kuku huyo kwa sababu si wake. Mke wake akapita chini ya mkono wake, akamchukua kuku, akasema Kompilateri amekubali na anawaombea baraka. Kuku huyo alitaga miaka miwili, na nyumbani kwao mayai yaliitwa ya Kompilateri.

Baadaye kazi ya mume wangu ilituhamishia Bukavu, na waasi wakaingia Goma kwa mara nyingine, na barabara na boti zikawa za kubahatisha. Chuo kilifunguliwa na kufungwa. Niliposafiri tena kwenda Goma kumzika shangazi, nilipata mchana mmoja huru, nikapanda pikipiki hadi Ndosho.

Mke wake alinikumbatia. CT alikuwa uani, amekonda, ana miwani mizito, macho yamefifia hadi akalazimika kuniuliza mimi ni nani. Nikasema jina langu. Halikumwambia kitu. Nikasema Mamuzeli wa bidoni, akaniamrisha nikae. Alikuwa anaandika bado. Mkewe alimsomea alama moja moja, naye alimwambia cha kuandika, na mama huyo wa parokia sasa alijua kutamka nyota, mabano na nukta mkato kama litania. CT alikuwa na rekebisho jipya, vidokezo vya kurasa tatu, na katika ile kerneli rekebisho linakuwa na nguvu zaidi likiwa na jina la mtu mwingine chini yake, mtu anayeapa kwamba ameliangalia. Akanipa karatasi, akaniambia niandike jina langu.

Sikuwahi kusikia amemwomba yeyote jambo hilo. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Lakini nilikuwa sijasoma, na ningeandika vipi mbele yake kwamba nimesoma? Nikamwambia anipe muda. Nikasoma kurasa zote tatu, na kuku wakipita, na mama akileta chai.

Kosa lilikuwa kwenye ukurasa wa pili. Kile kipande cha programu kilikuwa kimebadilishwa siku za karibuni, na ukubwa ulikuwa umehamishwa kutoka namba ya kwanza kwenda ya pili. Kidokezo cha CT bado kilisema ya kwanza. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba kidokezo cha uongo ni kibaya kuliko kunyamaza, kwa sababu kompilateri itakuamini.

Nilimwambia. Akasema hapana. Nikamwonyesha mstari, nikakumbuka kwamba haoni, nikamsomea. Akasema nimesoma vibaya. Tulibishana mpaka chai ikapoa, kisha mpaka ya pili ikapoa. Akaniambia nimekaa sana Bukavu. Nikamwambia kwamba siwezi kuweka jina langu. Akanyoosha mkono, akachukua karatasi zake, akasema safari njema. Mke wake alinisindikiza hadi njiani, akanishika bega.

Nilikwenda na motari, nimeuma midomo. Tulikuwa hatujafika barabara kubwa simu yangu ilipolia. Ilikuwa namba ya mama, lakini sauti ilikuwa ya CT.

"Mustari ya makumi ine na moja," akasema. "Mama amenisomea. Ni ya mbili, haiko ya kwanza." Nikamsikia akipumua. "Uliona muzuri. Rudi uandike jina."

Nilimgonga motari mgongoni asimame. Alisimama kando ya barabara, akazima pikipiki, akageuka, akaona uso wangu, akavua kofia yake polepole na kuniuliza kama kuna mtu amekufa.

Nikamwambia hapana, kuna mtu amekubali.